Betri Isiyoshika Chaji

Jumamosi, mwezi wa Juni. Ukungu tangu asubuhi.

Mlima haujaonekana leo hata kidogo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na matone yanadondoka juu ya bati la gari kama mvua isiyotaka kunyesha. Vidole vimekufa ganzi, lakini naandika. Nisipoandika leo, nitamfokea mgonjwa asiye na kosa.

Gari linachaji vizuri. Nianze na hilo, maana ndilo nililokuwa nikimwomba Mungu tangu masika. Taa iliyo juu ya kitanda changu inawaka nyeupe kabisa. Injini inashika mara moja. Kila anayepita ananipa pongezi.

Sina furaha yoyote.

Gari lenyewe ni lori kuukuu ambalo Mzungu mmoja mwindaji alilijengea nyumba ya mbao mgongoni: vitanda viwili vya kukunja, kabati, beseni la kunawia, meza inayoshushwa kutoka ukutani, na dirisha lenye pazia. Alikuwa akiishi humo porini miezi na miezi. Aliporudi kwao Ulaya akaliachia misheni, na misheni ikanikabidhi mimi, nesi wao, niuzunguke nalo mlima. Siku ya soko nakuwa Ngaramtoni, kisha nashuka Arusha mjini kuchukua dawa, kisha narudi huku kwetu Meru. Mchana wagonjwa wanatibiwa humo. Usiku nalala mimi. Tangu mume wangu afariki na shemeji zangu walichukue shamba, sina mlango mwingine ninaoweza kuufunga kwa ndani.

Dereva alikuwa mdogo wangu, Elisante. Nimeandika "alikuwa" na kalamu ikasita.

Elisante alijifunza magari jeshini, wakati wa vita. Aliporudi alikuta baba amekwisha kugawa kihamba chote, kile kipande chetu cha migomba na kahawa, kwa kaka zetu wakubwa. Akabaki na koti la jeshi na ufundi wake. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa mchungaji. Tulikula chungu kimoja. Usiku alilala mbele, amejikunja kwenye kiti cha dereva, na mimi nilikuwa nampitishia blanketi dirishani kama mtoto, ingawa ana ndevu.

Shida ilianza mvua za masika zilipokolea. Asubuhi moja, Ngaramtoni, akabonyeza stata na gari likatoa mlio wa mtu anayesafisha koo, likanyamaza. Tukasukumwa na watu wa soko. Likishawaka linakwenda vizuri tu, lakini ukilizima, kesho yake ni kusukuma tena. Taa zangu zikawa nyekundu kama mkaa unaokufa. Siku nyingine nilishika mguu wa mtoto mwenye jipu nikashindwa kuona usaha unaishia wapi.

Elisante akaanza kutafuta ubaya uliko. Nilimsaidia. Naandika kila tulichofanya, maana nataka nikione vizuri mara hii.

Kwanza tulisafisha vichwa vya betri. Vilikuwa vimeota ule unga wa kijani. Nikachemsha maji, nikayeyusha magadi, akavisugua mpaka vikang'aa, nikampa mafuta ya mgando ya kwenye kabati langu apake. Betri inakaa chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo mimi huwa sifiki. Siku ile ndipo nilipoiona. Tulipoinunua ikiwa mpya niliipakata kutoka mjini, na nikaitia alama ya dawa ya zambarau upande wa chanya, ile ninayopaka vidonda vya mdomoni, ili waya zisije zikachanganywa. Alama sikuiona. Nikamuuliza.

"Magadi yameila, dada," akasema.

Nikaamini. Magadi yanakula vitu vingi.

Halafu akakaza mkanda wa feni. Halafu akaifungua dainamo yote, akaitandaza vipande vipande juu ya gunia, akanionyesha kaboni zilizolika. Tukanunua nyingine kwa fundi mmoja mjini, karibu na Daraja Mbili. Akasugua shaba kwa msasa, akarudisha, nami nikimshikia spana na kumfuta jasho. Gari likawashwa, na mshale wa chaji pale mbele ukaegemea upande wa kuingiza umeme, vizuri kabisa.

"Si unaona?" nikamwambia. "Mshale unasema inachaji. Sasa umeme unakwenda wapi?"

"Mshale huo ni mwongo. Gari la zamani hili."

Akahamia kwenye kile kikopo kinachozuia umeme usirudi kwenye dainamo. Akakifungua, akakipuliza, akakifunga. Akafuata waya moja moja mpaka nyuma kwenye taa zangu. Na jioni hiyo, tukinywa uji, akaniambia kwa upole:

"Labda ni taa yako, dada. Unasoma sana ukiwa kitandani. Betri inachoka."

Nikaacha kusoma. Nikaacha kuwasha taa hata ya kuvulia viatu. Kwa majuma mengi nimelala gizani ndani ya nyumba yenye taa, nimebadilisha bandeji kwa kibatari, macho yakiniwasha kwa moshi, nikijilaumu kwa zaburi nilizokuwa nasoma.

Kilichonichanganya ni kwamba siku nyingine gari lilikuwa zima. Tunatoka Meru tunakwenda Ngaramtoni, linawaka kwa kidole kimoja, taa zinang'aa. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Tukirudi huku kwetu, siku mbili tatu, ugonjwa ule ule.

Sasa najua kwa nini. Naona aibu kwa zile shukrani.

Naomi ni mke wa Yeremia, wanakaa juu kidogo ya hapa ninapoegesha. Mimba yake ya kwanza. Nilimpima tangu mwanzo, nikamwambia asiende mbali na gari mwezi wake ukifika. Juma lililopita Yeremia alikuja anakimbia, asubuhi, hana viatu. Nilipofika nikakuta uchungu ulianza jana yake na mtoto amekaa vibaya, na damu inatoka isivyopasa. Hiyo haikuwa kazi ya kufanyia kwenye ngozi ya ng'ombe sakafuni. Ilikuwa kazi ya hospitali.

Tukambeba mpaka kwenye gari. Nikamlaza kwenye kitanda changu. Nikagonga mbao za mbele.

"Washa!"

Stata haikutoa hata ule mlio wa koo. Kimya. Elisante akashuka na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna cheche. Wanaume wakaja kusukuma, lakini mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo wote na magurudumu yakazama. Wanasukuma, gari linacheza mahali pamoja, na kila likicheza Naomi analia. Nikawaambia waache.

Wakamshusha kwa machela, miguu ikiteleza, mpaka barabara kuu. Huko tulisubiri. Magari mawili ya Wazungu yalipita bila kusimama. Lori la Mgiriki mmoja mwenye kahawa likasimama, tukampandisha juu ya magunia. Nilikuwa nimemshika kichwa. Elisante hakuja nasi. Alibaki amesimama kando ya barabara, hendeli bado iko mkononi, na nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma!

Naomi yuko hai. Mtoto alikuwa wa kiume. Daktari alisema kama tungewahi angempata hai.

Hakusema kwa ubaya. Alisema akinawa mikono.

Jumatatu nilipanda kwenda kumpa pole mama yake Naomi. Njia inapita nyumbani kwa jumbe, mkubwa wa kijiji chetu. Ana nyumba ya bati, ana redio, na watu hukusanyika kwake kusikiliza. Sauti ilikuwa kubwa, inasikika mpaka njiani, mtu anasoma habari kutoka Dar es Salaam. Sikuwa na nia ya kuingia. Lakini ukimpita jumbe bila kumwamkia inakuwa maneno, basi nikaingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Karibu, keti usikie dunia."

Redio ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa, chini ya picha ya Malkia. Waya mbili zilikuwa zinashuka nyuma ya kitambaa mpaka sakafuni, na pale sakafuni palikuwa na betri. Upande wa chanya kulikuwa na alama ya zambarau.

Nilisimama nikiitazama. Watu walidhani nasikiliza habari.

"Baba, betri hii umeipata wapi?"

"Hii? Kijana wetu ndiye anayenisaidia. Yangu ilikufa zamani, basi tunabadilishana. Hii ikianza kupungua nguvu anaichukua, anakwenda nayo Ngaramtoni, inarudi imejaa." Akacheka kidogo, kwa fadhili. "Ndugu yako ana akili. Na mimi sijamsahau. Kile kipande cha kule chini ya mfereji nimemwekea yeye. Hata mimea ya masale tumeshaipanda mipakani."

Hakuona haya. Hakushusha hata sauti. Aliniambia kama mtu anayenipa habari njema ya familia, na kwa kweli kwake ndivyo ilivyokuwa.

Nikaomba ruhusa nikaondoka. Kwa mama yake Naomi sikufika.

Elisante alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje, anagonga kitu. Anagonga! Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma nikasikiliza zile nyundo. Kila kipigo kilikuwa uongo.

"Toka," nikamwambia.

Alipouona uso wangu hakuuliza ni nini. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa unajua," nikasema. "Ulipoivua ile dainamo ulikuwa unajua haina ubaya."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia ni taa yangu."

Akaokota nyundo, akaifuta nayo.

"Na Naomi?"

"Sikujua ataumwa siku ile, dada. Ningejua ningeifuata usiku, kukiwa hakuna wa kuniona. Nilikuwa nimesema nikishakabidhiwa kipande narudisha, basi, imekwisha." Sauti ikamkatika, halafu ikarudi kwa ukali. "Wewe unalala kitandani. Una pazia. Mimi ni mtu mzima ninayelala kwenye usukani. Nani atanipa binti yake, nimweke wapi, kwenye buti? Baba hakunipa. Serikali ya Mwingereza imewapa walowezi nusu ya mlima. Jumbe amenipa. Ulitaka nimwambie hapana?"

Kila alichosema kuhusu ardhi ni kweli, na ndiyo maana nina uchungu hivi. Angekuwa mlevi au mwizi wa sokoni ningemtemea mate nikalala.

Nilichomwambia ni hiki: "Twende tukaichukue. Wewe ndiye utakayeibeba."

Alikataa. Alisema nikitaka kumharibia maisha niende mwenyewe. Akaingia kwenye migomba.

Basi nikaenda mwenyewe. Jioni ilikuwa bado haijaingia, na watu walikuwa wengi zaidi kuliko mchana, kwa sababu ni saa ya nyimbo. Yeremia alikuwepo, amesimama nyuma kabisa mlangoni. Watu wa kwao walikuwa wamemleta asikae peke yake na mawazo. Wamemleta pale ili redio imchangamshe.

Nilipita katikati yao, nikapiga magoti, nikachomoa waya.

Wimbo ukakatika katikati. Mtoto mmoja aliuliza, "Imekufa?"

"Binti," akasema jumbe, "umepatwa na nini?"

"Betri hii ni ya gari la wagonjwa, baba. Juma lililopita gari halikuwaka kwa sababu ilikuwa hapa."

Sikumtazama Yeremia. Nilikuwa nimepanga kutomtazama. Jumbe akasema mambo ya nyumba mbili hayazungumzwi mbele za watu, na kwamba yeye hakuiba kitu, ameletewa, na kwamba angemwambia mchungaji jinsi nesi wake anavyoingia nyumba za wakubwa. Nikajaribu kuiinua betri. Ni nzito, ile. Niliinua kidogo nikaishusha.

Ndipo mikono mingine ikaja. Yeremia aliinyanyua, akaiweka begani juu ya shati lake jeupe la kanisani, akatoka nje. Njia nzima nilimfuata nyuma nikisikia anavyopumua. Maji makali ya betri yalimchuruzikia mgongoni. Shati lilitoboka, na nilimwambia aiweke chini nimpake magadi. Hakusimama.

Alipofika akaiweka juu ya kiti cha dereva. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Dereva alijua?"

Ningeweza kusema sijui. Elisante ni wa tumbo moja nami.

"Alijua," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilikesha nikiogopa nitasikia yowe kutoka kwenye migomba, lakini Yeremia hakumtafuta mtu. Alikwenda nyumbani akafunga mlango.

Betri niliifunga mwenyewe asubuhi. Waya ya chanya kwenye zambarau. Gari likashika mara moja.

Nikaenda kwa mchungaji na daktari, nikawaambia. Elisante amefukuzwa. Jumbe hakuguswa. Daktari aliandika kwa Bwana D.C., mkuu wa wilaya, na jibu likaja kwa mdomo kwamba ugomvi wa betri ni wa misheni na dereva wake, ofisi ina kazi nyingine. Na lile shamba la chini ya mfereji, jumbe amelichukua akampa mtu mwingine, maana Elisante hana tena cha kumpelekea. Masale waliyopanda pamoja yako pale pale, yanamlindia mgeni mipaka.

Kwa hiyo amekosa vyote. Sikufurahi kulisikia hilo. Nilidhani nitafurahi.

Mama alikuja juzi. Ametembea kutoka kwake kwenye matope yote yale, na hakutaka kuingia ndani. Alisimama hapo nje na fimbo yake.

"Umemtoa ndugu yako kwa ajili ya watu," akasema.

"Mama, mtoto amekufa."

"Najua amekufa. Nimezika wangu watatu, hakuna aliyekuja kunilipia kwa mtoto wa mwingine." Akakung'uta tope kwenye fimbo. "Amekwenda Arusha mjini. Anasema ataomba kibarua kwenye mashamba ya katani. Hajachukua hata blanketi."

Nikalitoa blanketi lile nikampa ampelekee akimwona. Alilipokea. Hakunishukuru, na aliposhuka alikuwa anaongea peke yake kwa Kimeru, maneno ambayo sitayaandika humu.

Jana nilikwenda hospitali kumwona Naomi. Niliona ni lazima asikie kwangu, si kwa wanawake wa kisimani. Amekonda. Maziwa yamejaa, wamemfunga kifua kwa kitambaa. Nilimweleza yote, tangu alama ya zambarau mpaka D.C. Nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa hata kwa kupigwa. Alikuwa ananitazama mdomo kama mtu anayejifunza lugha.

Nilipomaliza akaniuliza:

"Walikuwa wanasikiliza nini?"

Sikumwelewa.

"Asubuhi ile. Mlipokuwa mnasukuma. Redio ilikuwa inasema nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ningeuliza. Akageukia ukutani.

Nimeuliza. Leo asubuhi alikuja mzee mmoja kutibiwa jicho, na yeye huwa hakosi kwa jumbe. Nikamuuliza kama alikuwepo siku ile, wakati wa kelele za kusukuma gari. Akasema alikuwepo, kelele walizisikia, wakadhani ni vijana wanacheza. Na redio? Akafikiri kidogo huku jicho likimtoka machozi.

"Bei ya kahawa," akasema. "Halafu muziki. Halafu jumbe alilala, lakini hatukuizima."

Kesho baada ya ibada nitashuka tena hospitali, na Naomi atauliza, kwa sababu nimemwahidi. Dereva mpya atanipeleka. Gari litawaka bila shida.

Nimwambie hilo la muziki, au nimwambie ilikuwa habari tu? Na lile la mwisho, kwamba jumbe alilala na haikuzimwa, nitalisema kwa mdomo gani?